Jinsi ya kuandika kibao kwa herufi nene za kubana, kuanzia karatasi hadi ukutani

Vijana wanaoanza kazi ya vibao huniuliza masuali matatu, na huyauliza kwa mpangilio uleule. Jina refu nitaliingizaje kwenye ubao mfupi? Mbona nikizibana herufi zinaharibika? Na mbona kwenye kompyuta zilisomeka vizuri, nikivuka barabara nikageuka, sioni kitu? Nimeshajibu kwa mdomo na kwa simu mpaka nimeona bora niandike mara moja, na vipimo vyake, ili usome huku rula iko mkononi.

Herufi ninazozizungumzia unazijua. Ni zile nene, ndefu, zilizosimama bega kwa bega, zisizo na vikucha kwenye ncha zake. Ziko mbele ya daladala, ziko kwenye matangazo ya mpira na kwenye mifuko ya saruji. Kwenye khanga pia utazikuta: jina la khanga ni sentensi nzima inayotakiwa ikae mstari mmoja, chini ya mji (ile sehemu ya kati ya khanga), bila kugusa pindo, na mchoraji hana pa kukimbilia ila kuzibana herufi. Ukitaka skuli ya bure ya kazi hii, tandaza khanga kitandani usome jina lake kwa jicho la kipimo. Utaona wapi mchoraji alipumua na wapi nafasi ilimwishia.

Sisi tunazihitaji kuliko watu wengi, kwa sababu Kiswahili hugandisha maneno. "Tunawakaribisha" ni neno moja lenye herufi 15, na huwezi kulikata katikati ukashuka mstari wa pili.

Nadharia ni moja tu. Kwenye herufi nene kinachosomeka ni uwazi: tundu lililomo ndani ya A, mdomo wa E, nafasi baina ya herufi na jirani yake. Rangi ni nyingi, haipotei. Uwazi ndio unaopotea kadiri mtu anavyosogea mbali, kwa hiyo kila hatua utakayoiona hapa chini ni ya kuulinda.

Maneno nitakayoyatumia: nguzo ni mstari uliosimama, boriti ni uliolala, mshazari ni uliolazwa upande, tundu ni uwazi wa ndani ya herufi, na kichochoro ni nafasi baina ya herufi mbili.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Karatasi ya kaki ndefu kuliko kibao chako, na karatasi ya miraba ya daftari la hesabu kwa ajili ya mazoezi.
- Penseli, kifutio, rula ya chuma ya sm 60 au zaidi, na tepu ya kupimia.
- Mkasi, sindano ya kushonea, na kipande cha kitambaa chepesi.
- Vumbi la mkaa uliosagwa laini kwa ubao mweupe, au chaki iliyosagwa kwa ubao wa rangi nzito.
- Uzi wa kupigia mstari, kama ule wa mafundi seremala.
- Plaiwudi inayostahimili maji. Nimepigia hesabu kipande cha sm 120 kwa sm 27, ambacho unakipata kwenye ubao wa kawaida wa futi 4 kwa 8.
- Msasa, rangi ya kwanza ya kufungia ubao, na rangi ya mafuta ya aina mbili: ya mandharinyuma na ya herufi.
- Brashi bapa mbili, ya robo tatu inchi na ya robo inchi, na moja nyembamba ya pembeni.
- Tapentaini na vitambaa vikavu.

Kompyuta si lazima. Kama unayo, soma hatua zote kwanza, halafu sehemu ya kompyuta iliyo baada ya hatua ya 10.

Hatua ya 1. Punguza maneno

Mteja atakuletea "Duka la vifaa vya ujenzi na umeme na vitu vyenginevyo kwa bei nafuu". Kaa naye barazani, mwambie kwa adabu kwamba mpita njia ana muda wa kusoma maneno matatu. "VIFAA VYA UJENZI" kwa herufi nene, mengine yashuke chini kwa herufi ndogo za kawaida. Usiogope mazungumzo haya. Hakuna ufundi wa mkono unaookoa kibao kilichojaa.

Hatua ya 2. Pima umbali

Simama pale msomaji atakapokuwa: ng'ambo ya barabara, kituo cha daladala, mlango wa soko. Hesabu hatua zako mpaka ukutani. Hatua ya mtu mzima ni kama sm 75, kwa hiyo hatua 20 ni mita 15.

Waandishi wa vibao wana kanuni ya zamani ya inchi moja ya urefu wa herufi kwa kila futi 10, yaani sm 2.5 kwa mita 3. Hiyo ni kwa herufi za upana wa kawaida. Herufi ya kubana husomeka kwa taabu kidogo kuliko pana ya urefu uleule, kwa hiyo mimi huongeza: sentimita moja ya urefu kwa kila mita moja ya umbali. Ni rahisi kuikumbuka, na haijawahi kuniangusha. Mita 15, herufi ya sm 15.

Hatua ya 3. Hesabu miraba

Usianze kuchora kabla ya hesabu hii. Kila herufi tunaipa urefu wa miraba 20. Upana wake ni huu:

- I: miraba 3
- E, F, J, L, T: miraba 7
- M: miraba 12
- W: miraba 13
- Zilizobaki zote: miraba 9
- Kichochoro cha kawaida: mraba mmoja na nusu
- Nafasi baina ya maneno mawili: miraba 5

Tuchukue neno gumu kwa makusudi, jina la mtaa wa Unguja: MWANAKWEREKWE. Herufi 13, W tatu, na M juu yake. M ni 12. W tatu ni 39. A mbili ni 18, N ni 9, K mbili ni 18, E tatu ni 21, R ni 9. Jumla 126. Vichochoro ni 12, kila kimoja 1.5, yaani 18. Neno zima ni miraba 144.

Ubao wako ni sm 120. Toa sm 6 kila upande, zinabaki 108. Gawa 108 kwa 144: kila mraba ni sm 0.75. Zidisha kwa 20, herufi zako zitasimama sm 15. Kwenye ubao wa sm 27 zinabaki sm 6 juu na sm 6 chini, sawa na pembeni.

Sasa linganisha. Neno hilohilo kwa Arial Bold, fonti ya kompyuta ya upana wa kawaida, kwa herufi kubwa, upana uleule wa sm 108, linakupa herufi za urefu wa sm 7.7 hivi. Nusu. Hii ndiyo sababu ya herufi za kubana kuwapo: unapata urefu maradufu bila ya kuuongeza ubao hata inchi moja.

Hatua ya 4. Nguzo kwanza: tatu, tatu, tatu

Anza na H. Nguzo miraba 3, tundu miraba 3, nguzo miraba 3. Hii H ndiyo kipimo cha neno zima, ichore safi na uibandike mbele yako.

Boriti isiwe 3. Iwe 2 na nusu. Jicho la binadamu huuona mstari uliolala kuwa mnene kuliko uliosimama hata vikilingana kwa rula, kwa hiyo tunaupunguza ili vionekane sawa. Boriti ya kati ya H na ya E ipandishe kidogo juu ya katikati, kiasi cha nusu mraba. Ukiiweka katikati kabisa herufi huonekana imelegea kiuno.

*Tahadhari:* utashawishika kunenepesha nguzo ziwe 4 "ili kibao kivutie". Tundu litabaki mraba mmoja, na kwa mita 15 hiyo si H tena, ni tofali.

Hatua ya 5. Herufi za mviringo

O ya kubana si duara. Ni nguzo mbili zilizonyooka, zilizopindishwa juu na chini tu. Chora kwa rula nguzo zako za 3-3-3, kisha kunja pembe za nje kwa robo duara yenye nusu kipenyo ya miraba 4, na za ndani kwa mraba mmoja. C, G, U na J zote zinazaliwa na O hiyo.

Mviringo uzidi mstari kidogo, theluthi moja ya mraba juu na theluthi chini. Ukiukatisha sawasawa na H utaonekana mfupi, na hutajua kwa nini. U huzidi chini tu.

D inataka uangalifu wa peke yake. Tofauti yake na O ni pembe mbili za kushoto, basi. Pembe hizo ziwe kali, za nyuzi 90 kamili, usizilainishe hata kidogo, la sivyo DUKA litasomwa OUKA. Nimeona kibao cha hivyo, na mwenye duka hakukigundua mpaka watoto wa skuli walipoanza kukisoma kwa sauti.

C katika Kiswahili haiendi popote bila H. Utaichora CH maisha yako yote, kwa hiyo iandae kama jozi: mdomo wa C uachie miraba 6 wazi, na kichochoro chake na H kiwe mraba mmoja tu, kwa sababu ule mdomo tayari ni uwazi.

Q na X usijisumbue nazo mpaka upate mteja mwenye jina la kigeni.

Hatua ya 6. A, K, M, N, W: hapa ndipo kazi ilipo

Hakuna herufi inayotokea katika Kiswahili kuliko A. Tazama KAHAWA, MAANDAZI, DAGAA. Ukiipata A umepata nusu ya kibao, kwa hiyo nitaieleza kwa vipimo kamili.

Chini A ina upana wa miraba 9, na juu isichongoke: ikate bapa, upana miraba 4. Mishazari yake, ukipima kwa kulala, iwe 2.5. Boriti yake iwe mraba 2, ikae chini, kuanzia mraba wa 4 hadi wa 6 kutoka mstari wa chini. Tundu linalobaki juu ya boriti ni pembetatu ya urefu wa miraba 10 na upana wa 2.5 kwenye kitako.

Sasa jaribu kunenepesha mishazari iwe 3 kama nguzo. Ni nusu mraba tu. Lakini tundu lako linashuka hadi urefu wa miraba 6 na upana wa 1.5, yaani limebaki kama theluthi ya lile la mwanzo. Chora zote mbili kwenye daftari, zijaze wino, zibandike ukutani, rudi nyuma. Huo mtihani wa dakika 10 utakufundisha kuliko maneno yangu yote.

W usiigeuze M ukadhani umemaliza. M ina nguzo mbili za 3 na mishazari miwili katikati. W ina mishazari minne, kila mmoja 2.5, na inapokutana chini hufanya fundo la rangi. Likate fundo hilo: ingiza kipembe kidogo cha uwazi, nusu mraba, pale mishazari inapokutana kwa ndani. Kwa karibu kitaonekana kama kasoro. Kwa mita 10 hukioni kabisa, unachoona ni W safi. N na K zifanyie vivyo hivyo kwenye makutano.

Hatua ya 7. Panga vichochoro

Chora kila herufi kwenye karatasi yake, zikate kwa mkasi, zipange juu ya meza. Usizichore moja kwa moja kwenye karatasi moja, utajinyima uhuru wa kusogeza.

Nguzo na nguzo (kama N na I) ni mraba 1.5. Nguzo na mviringo ni 1.25. Mviringo na mviringo ni 1. Mishazari ndiyo yenye mambo. Chukua KAHAWA: baina ya A na H acha mraba mmoja, kwa sababu bega la A limeshaacha uwazi juu. Baina ya A na W, na ya W na A, zisogeze mpaka karibu ziguse, robo mraba inatosha, kwani mshazari mmoja unalala sambamba na mwenzake. Baina ya K na A miguu itataka kugombana chini, acha mraba mmoja. L ikifuatwa na A hufanya shimo kubwa juu: fupisha mguu wa L kwa mraba mmoja, usione haya, herufi ni zako.

Kisha kuna NG'AMBO. Kile kitone cha juu si pambo. *Ng'oa* si *ngoa*, na kibao kisichokuwa nacho kimeandika neno jengine. Kichore kama mkato ulionenepa juu na kupinda chini, upana miraba 2.5, urefu miraba 5, kianzie sawa na kichwa cha G. Usiweke kijiti kilichonyooka. Wanaoanza huachia kitone kichochoro upande huu na huu, neno likavunjika mapande mawili, "NG" huku na "AMBO" kule. Fanya hivi: kitone kikae mraba mmoja kutoka kwa G, halafu iingize A chini yake. Bega la A linainama, kwa hiyo lina nafasi ya kukipokea. Ndiyo maana napenda kuliandika neno hili, A na kitone hukaa kama walioumbwa pamoja.

Hatua ya 8. Bandika ukutani urudi nyuma

Gundisha herufi zako kwenye karatasi ya kaki, zijaze rangi nyeusi, ibandike ukutani, nenda umbali uliopima katika hatua ya 2. Fumba macho nusu. Neno liwe kama ukuta wa kijivu ulio sawa. Ukiona doa jeusi, herufi mbili zimebanana au kuna fundo halijakatwa. Ukiona mwanya mweupe, kuna kichochoro kimezidi. Halafu ipindue juu chini uitazame tena, maana ukishindwa kulisoma neno ndipo unaviona vichochoro vyenyewe. Rudia wakati wa magharibi, mwanga ukipungua.

Hatua ya 9. Hamishia ubaoni

Ubao uwe umeshapigwa msasa na kufungwa rangi ya kwanza pande zote mbili na kwenye kingo. Kingo za plaiwudi hunywa maji kama sifongo, na kibao cha hapa kwetu huanza kuoza kutokea hapo. Kama ubao umekaa karibu na bahari, uoshe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, uukaushe, ndipo upake. Rangi juu ya chumvi haishiki.

Toboa karatasi kwa sindano kufuata mzingo wa kila herufi, tundu kila nusu sentimita, na kila robo kwenye mipindo. Piga uzi ubaoni upate mstari wa chini na wa juu. Bandika karatasi, funga vumbi la mkaa kwenye kitambaa chepesi kama kifurushi, upigepige juu ya matundu. Ukiiondoa karatasi, neno lako liko ubaoni kwa nukta. Karatasi itunze. Mteja akifungua duka la pili utaitumia tena.

Hatua ya 10. Paka

Paka asubuhi umande ukishakauka, kabla jua halijawa kali. Siku ya upepo wa kaskazi fanyia kazi ndani, vumbi hukimbilia rangi mbichi. Masika usijaribu nje kabisa.

Nguzo yako ni sm 2.25, kwa hiyo brashi ya robo tatu inchi inaijaza kwa mapito mawili. Vuta kutoka juu kwenda chini kwa pumzi moja. Nguzo zote za neno zima kwanza, boriti baadaye, mipindo mwisho, ili mkono uzoee mwendo mmoja. Ukitumia utepe wa kuziba kingo, ubandue rangi ikiwa bado mbichi. Ukiuacha ukapigwa jua, gundi itabaki ubaoni.

Herufi nyeupe juu ya rangi nzito huonekana nene kuliko zilivyo, kwa sababu weupe humeta ukala pembeni. Ukiandika hivyo, punguza nguzo zako robo mraba kila moja.

Ukitumia kompyuta

Kosa nambari moja, na nalisema kwa uchungu kwa sababu naliona kila mtaa: kuchukua fonti ya kawaida na kuisukuma kwa kipanya mpaka ibanike. Ukiisukuma hadi asilimia 60 ya upana, nguzo iliyokuwa 10 inakuwa 6, lakini boriti inabaki 10. Umepindua mizani nzima. Herufi zitaonekana zimefungwa mikanda, na hizo ndizo herufi zilizoharibika mnazoniuliza.

Tumia fonti iliyochorwa kwa kubanwa tangu mwanzo. Kompyuta nyingi za Windows zina Impact, iliyochorwa na Geoffrey Lee mwaka 1965 kwa kiwanda cha Stephenson Blake cha Sheffield, Uingereza, wakati herufi bado zilikuwa za risasi. Ni nene sana na matundu yake ni madogo. Itumie kwa neno moja au mawili makubwa, si zaidi. Za bure zenye leseni huria ziko Anton na Oswald, zote za Vernon Adams, na Bebas Neue ya Ryoichi Tsunekawa. Bebas Neue ina herufi kubwa tu na ni nyepesi kidogo kuliko Anton, kwa hiyo matundu yake yanapumua. Kwa majina marefu ya Kiswahili mimi huanza na hiyo. Oswald ina uzito wa aina kadhaa, inafaa kwa mstari wa pili.

Kabla hujachapisha, tazama kitone cha ng'. Kompyuta mara nyingi huweka kijiti kilichonyooka, kibadilishe kwa mkono.

Mahali pa kutozitumia

Usiandikie maelezo marefu. Zikizidi maneno sita mfululizo jicho linachoka.

Usiandikie nambari ya simu. Miaka yangu ya mwanzo nilimwandikia fundi cherehani kibao, nambari nikaiandika kwa herufi zilezile nene. Ilikuwa na 8 mbili, na matundu yake yalikuwa madogo, kwa hiyo waliokuwa mbali walisoma 6. Baada ya wiki mbili alinipigia: wateja wake walikuwa wakimpigia mtu mwengine kabisa. Nilirudi nikaiandika upya bila malipo. Tangu siku hiyo nambari naziandika kwa herufi za upana wa kawaida, nguzo nusu ya unene, na naziachia nafasi kila tarakimu tatu au nne.

Kwa kibao cha madrasa au msikiti chenye maandishi ya Kiarabu, usiyabane Kiarabu yalingane na herufi zako. Hati ile kawaida yake ni kuvutwa mstari unapotaka kujaza nafasi. Ipe mstari wake mwenyewe, juu, na unene wa kalamu yake ukaribiane na wa nguzo zako.

Na ukiwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, nenda kwanza Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe uulize kuhusu kibao chako kabla hujatoboa ukuta. Usipake rangi ya mafuta juu ya ukuta wa chokaa: unyevu wa ndani hukosa pa kutokea, rangi inavimba na kubanduka na chokaa yake. Tundika ubao.

Mambo yakiharibika

*Neno halitoshi hata kwa hesabu ya miraba.* Punguza vichochoro hadi mraba 1.25, kisha punguza pembeni hadi sm 4. Bado? Badilisha neno, au fupisha kama madereva wa daladala walivyofupisha Uwanja wa Ndege ikawa U/NDEGE kwenye daladala za njia ya 505 za Unguja, na kila mtu akaielewa. Usizipunguze nguzo za herufi moja moja, kibao kitaonekana kina viraka.

*Herufi moja inaonekana ndefu kuliko wenzake.* Ni I au L, na mara nyingi si ndefu. Jirani yake wa mviringo hukumpa ile theluthi ya kuzidi.

*A zimejaa rangi.* Brashi ilikuwa kubwa au rangi nyepesi mno. Subiri ikauke kabisa, kisha fungua tundu upya kwa rangi ya mandharinyuma, kwa brashi nyembamba. Hii ni kazi ya kawaida, si aibu, mafundi wakubwa huchonga matundu kwa rangi ya pili kila siku.

*Kingo zimechuruzika chini ya utepe.* Uso wa ubao haukuwa laini. Piga msasa mwepesi pembeni mwa herufi, gusia rangi ya mandharinyuma. Mara nyengine, kabla ya rangi ya herufi, pitisha juu ya ukingo wa utepe mkono mmoja mwembamba wa rangi ya mandharinyuma, ikauke, ndipo upake.

*Kwa mbali W inasomeka kama doa.* Fundo halijakatwa. Lirudie kwa brashi nyembamba kama ulivyofanya kwenye A, na zamu hii kata mraba mzima badala ya nusu.

*Nyekundu imepauka baada ya mwaka.* Jua hupausha nyekundu nyingi kabla ya rangi nyengine. Kwa ukuta unaotazama magharibi tumia nyeusi au buluu iliyokoza kwa herufi, na nyekundu, kama mteja ameishikilia, iwe mstari wa chini ambao ni rahisi kupakwa tena.